Bidoni Sita

Saa kumi na moja alfajiri, kabla umeme haujakatika,
tunapiga foleni kisimani kwa Mama Ngoie, Katuba:
bidoni sita za njano, pesa mkononi,
na ya saba hajawahi kunikopesha.
Mkokoteni wangu una magurudumu mawili ya pikipiki yasiyolingana,
kwa hiyo unavutia kushoto
kama mlevi anayekumbuka kwake.
Ubavuni nimeandika kwa rangi iliyobaki ya mlango:
MONGA. TUNAOSHA GARI LAKO ULIPO.
Herufi ya mwisho ilikosa nafasi, ikapanda juu.

Bosi wangu ni kiangazi.
Malori ya shaba yanapita, vumbi linaamka,
linakaa juu ya magari ya Golf kama lilialikwa.
Naanza na paa, nashuka.
Ukianza na magurudumu utaosha mara mbili, utalipwa mara moja;
somo hilo nililipia karo mwaka mzima.
Kitambaa cha vioo hakigusi milango.
Mswaki wa zamani wa binti yangu ni wa matundu ya hewa.
Sabuni ya vyombo siitaki, inakula mng'ao.

Halafu kuna kusoma.
Hakuna aliyenituma, ila macho hayana kufuli.
Vumbi jekundu kama pilipili ya kusagwa: barabara ya Kasenga,
fungua buti, utakuta magamba ya samaki.
Unga mweupe kwenye bawaba: Likasi.
Chenga za kijani chini ya zulia:
huyu analala mgodini, au anaiba mgodini,
mimi nafagia tu.

Bwana Kyungu aliniita kila Jumatatu.
"Monga, fanya haraka. Natoka Kolwezi, barabara imeniua."
Lakini tope la kwenye matao ya magurudumu lilikuwa la kijivu,
laini, linanuka majani yaliyooza,
tope la mto Kafubu, pale wanapochoma matofali,
mwendo wa nusu saa kutoka mlangoni kwake.
Nikalichokoa kwa kidole. Nikanyamaza.

Siku moja, chini ya kiti, ndara ya mtoto.
Ya kushoto. Ndogo kuliko mguu wowote wa nyumba ile.
Nikaifuta, maana nilikuwa nimeshika kitambaa.
Nikaificha chini ya gurudumu la akiba,
na Bwana Kyungu, bila kuuliza, bila kuulizwa,
akaniongezea noti ya elfu tano.

Jumapili simu ikalia, namba nisiyoijua.
Mama Mujinga, mke wake.
Geti wazi, gari uani, yeye ameketi kwenye ngazi,
kitenge cha kulalia, miguu mitupu.
"Usilowanishe kitu," akasema.
"Niambie tu. Tope hili ni la wapi?"

Jakaranda likaangusha ua moja juu ya boneti.
Nilijua. Nilijua hata tanuri lenyewe,
la tatu ukishavuka daraja.
"Mama," nikasema, "mimi natoa tope, silisomi."

Akanitazama kama mtu anayekagua kioo
kilichofutwa kwa kitambaa kichafu.
Akahesabu noti, bei kamili, ndani na nje,
akazibandika juu ya bidoni ya kwanza.
"Basi nenda. Umeshaosha."

Narudi Katuba, jua limesimama utosini.
Miaka minne njia hii naijua kwa bidoni tupu,
zinagongana, zinapayuka
kama watoto waliofunguliwa shule.
Leo zimenyamaza. Zote sita zimejaa.
Mkokoteni unavutia kushoto,
na pale kwenye kilima cha reli
nasukuma kwa kifua
maji safi
ambayo hayajagusa gari la mtu.